Oksijeni imegongana kule LHC, ila tusikurupuke kuiita protoni supu

Tangu majibu ya migongano ya oksijeni na neoni yaanze kutoka CERN, kile kituo cha utafiti wa chembe kule Uswisi, mwaka 2025, kuna meseji inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp inasema eti imethibitishwa kwamba hata protoni mbili zikigongana zinatoa ile supu ya mwanzo wa ulimwengu, yaani hali ya joto kali ambamo vipande vya ndani ya protoni, kwaki na gluoni, vinaachiana na kuwa kama kimiminika kimoja. Mi niliipata kwa shemeji yangu, anafundisha fizikia sekondari, na nusu saa haijaisha jamaa mwingine humohumo kwenye grupu akamjibu kwamba hizo ni porojo, chembe hamsini haziwezi kuwa kimiminika hata siku moja. Naona wote wawili wameteleza, na wameteleza palepale, maana kila mmoja anadhani ukishaona chembe zinatiririka pamoja basi swali la kimiminika limekwisha, tofauti yao ni kwamba huyu anaamini zimetiririka na yule haamini. Mi hoja yangu ni kwamba mtiririko wa pamoja unatuambia kitu kimoja tu kwa uhakika: chembe zinazotoka zinakumbuka umbo la mahali zilipozaliwa. Hilo limeonekana hadi kwenye protoni na sioni wa kulifuta. Ila nani amebeba hiyo kumbukumbu kutoka ndani hadi nje ni swali jingine kabisa, kwenye viini vya madini ya risasi tunalijua jibu, kwenye oksijeni tumeanza kulipata, kwenye protoni bado, na huo mpangilio ndo habari yenyewe ambayo meseji imeiruka.

Tuanzie mbali kidogo ili twende sawa. LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha chembe, ni duara la kilomita 27 lililochimbiwa chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Muda mwingi linagonganisha protoni, ila kuna wiki chache wanaingiza viini vya risasi (hii ya madini, si ya bunduki), yaani atomu iliyovuliwa elektroni zake zote 82 ikabaki kiini kitupu chenye protoni na nyutroni 208. Kwa spidi ile kiini kinabanwa upande wa mwendo kwa kanuni za Einstein, kwenye nishati ya TeV 5.02 (TeV na GeV ni vipimo vya nishati ya chembe, TeV moja ni GeV 1,000) kinabanwa karibu mara 2,700, kwahiyo ukikiona kwa ubavu ni chapati na hapo sijatia chumvi. Sasa chapati mbili zinakuja uso kwa uso. Ni mara chache zinalaliana sawasawa, mara nyingi moja imeenda kushoto kidogo nyingine kulia, zinapandiana sehemu tu. Siku ukiwa na chapati mbili kwenye sahani zipandishe hivyo uangalie ile sehemu zilipokutana, utaona umbo la kokwa la embe, refu huku, jembamba kule. Joto lote linazaliwa ndani ya hiyo kokwa. Kama chembe zilizomo hazisukumani, kila moja itaondoka kivyake na pembe zote zitapata mgao uleule. Zikisukumana, presha inaporomoka kwa haraka zaidi upande ule mwembamba kwa sababu kutoka katikati mpaka nje ni karibu, hivyo chembe nyingi na zenye kasi zaidi zinatokea huko. Mfaransa Jean-Yves Ollitrault aliliandika hilo mwaka 1992 kama dalili ya kutafutwa, na kipimo chake leo wanakiita v2. Kokwa likiwa na pembe tatu badala ya mbili unapata v3, hii ilichelewa sana kueleweka, mpaka 2010 Burak Alver na Gunther Roland walipoonyesha kwamba viini havina mviringo laini kama wa kwenye vitabu, protoni na nyutroni zake zinakaa hovyohovyo, kila mgongano una sura yake.

Wamarekani ndo walitangulia. Mashine yao ya RHIC pale Brookhaven, New York, ilianza mwaka 2000 kugonganisha dhahabu, na wengi walikuwa wanategemea kukuta gesi, kwaki na gluoni zinaelea huru huku na kule. Aprili 2005 timu zote nne za pale zikatangaza kwamba walichokikuta kinatiririka kama kimiminika, tena chenye mnato mdogo ajabu, ukiugawa kwa entropi (kipimo cha vurugu ya chembe) unakaribia kile kiwango cha chini ambacho Kovtun, Son na Starinets walikipata kwa nadharia, moja gawa kwa nne pai. Maji yanazidiwa mbali. LHC ilipoanza risasi Novemba 2010 ALICE, mojawapo ya timu kubwa za vipimo pale pamoja na CMS na ATLAS, wakapima v2 wakakuta imepanda kwa asilimia 30 hivi juu ya ile ya RHIC, na mahesabu ya hidrodinamiki, yaani ya mwendo wa vimiminika, yakaipokea bila shida. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Kiini cha risasi ni kikubwa, katika mgongano wa katikati zinatoka chembe zenye chaji kama 1,600 katika kipande kimoja tu cha katikati ya ditekta (kifaa cha kunasa chembe), kwahiyo neno kimiminika linakaa vizuri mdomoni.

Ugomvi uliletwa na protoni. Septemba 2010, hata risasi haijaingia kwenye bomba, CMS walichukua migongano ya protoni kwa TeV 7, wakachagua ile michache sana iliyotoa chembe zaidi ya 110, wakachora grafu. Unachukua chembe mbilimbili, unauliza zimeachana kiasi gani kwa pembe ya kuzunguka bomba na kiasi gani kwa urefu wa bomba, unazirundika zote. Katikati kinasimama kilima kirefu, hicho ni cha kawaida, ni jeti, chembe zilizotoka kwenye tawi moja. Ng'ambo ya pili kuna ukuta, nao wa kawaida, ni jeti mwenzake aliyekimbilia upande wa pili. Sasa ukikata kile kilima kichwa ili uone vizuri chini yake unakuta kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo, tuta jembamba limetambaa kutoka mwisho hadi mwisho wa grafu, kama tuta la viazi vitamu. Maana yake ni chembe zilizoachana mbali sana kwa urefu wa bomba lakini zimeelekea pembe ileile. Zimejuanaje? Haziwezi kuwa zimeambiana baada ya kuachana, hakuna ishara inayokimbia hivyo, lazima zimebeba makubaliano tangu mwanzo kabisa. Kwenye risasi tuta hili tunalielewa, ni lile kokwa linasukuma. Kwenye protoni, yenye nusu kipenyo cha femtomita 0.84 tu (femtomita ni milimita moja ukiigawa mara trilioni), nani anasukuma nani?

Miaka miwili baadaye, Septemba 2012, LHC wakajaribu protoni kwa risasi kwa saa chache tu na tuta likajitokeza tena, kubwa kuliko la kwanza. Toka hapo kambi zikagawanyika.

Kambi ya kwanza inasema ni tone dogo la kimiminika kilekile, udogo wake tu ndo tofauti. Kambi ya pili ina watu wa aina tofautitofauti na si haki kuwaweka kapu moja, maana hoja zao hazina uzito sawa. Iliyo nyepesi kuliko zote ndo ile ya yule jamaa wa kwenye grupu, kwamba chembe ni chache mno. Kwa kusikia inaonekana ya akili, glasi ya maji ina molekuli zisizohesabika halafu wewe unaniletea chembe hamsini. Lakini kinachoamua mambo ya kusukumana ni umbali chembe inaosafiri kabla ya kumgonga mwenzake ukilinganisha na ukubwa wa mahali zilipo, idadi haiamui peke yake. Watu ishirini kwenye mlango wa daladala saa moja asubuhi wanakwenda kama kitu kimoja, hata kama hutaki kuingia utajikuta ndani, ila watu mia mbili waliotawanyika kwenye uwanja wa mpira kila mtu ana njia yake. Na hili limeshajaribiwa kwa vitu vinavyohesabika kwa vidole: pale Heidelberg, Ujerumani, walichukua atomu kumi za lithiamu, kumi tu, wakazibana kwenye mtego wenye umbo la kokwa kisha wakaziachia, zikatanuka kwa kugeuza umbo kama kimiminika kinavyofanya, upande mwembamba ukawa ndo mnene. Kumi. Kwahiyo hoja ya uchache tuiweke pembeni, ingawa na kambi ya kwanza isishangilie sana, maana kuonyesha kitu kinawezekana hakujaonyesha kwamba ndicho kilichotokea.

Hoja ya pili ni nzito kiasi. Inasema kuna mambo mengi yanayofanya chembe ziende pamoja bila mtiririko wowote, jeti, chembe kubwa zinazovunjika na kuacha watoto wakifuatana, vitu vya hivyo. Ni kweli, na kwenye protoni uchafu huu ni mwingi kuliko kwenye risasi. Ndo maana wapimaji wanalazimisha chembe ziachane mbali kabla hawajazihesabu, halafu badala ya mbilimbili wanachukua nne kwa mpigo, sita, nane, kwa sababu jeti inaweza kudanganya jozi moja lakini kuwadanganya wanane walioko pande zote za ditekta ni kazi. Kwenye protoni kwa risasi namba za nne, sita na nane zinakaa karibu palepale. Kwenye protoni kwa protoni ishara inabaki ukishasafisha vizuri, ila hapa kuna aibu ndogo ambayo kambi ya kimiminika haipendi kuitaja: mahesabu mengi ya hidrodinamiki kwa protoni mbili yanashindwa kutoa hata alama ya kujumlisha au kutoa iliyo sahihi kwa kipimo cha chembe nne. Ukubwa wa v2 wanaupata, alama inawageuka. Ningekuwa nauza hiyo nadharia ningelala na hilo swali kichwani.

Ya tatu ndo ilinisumbua mi muda mrefu. Inasema kumbukumbu haikubebwa na msukumo wowote, gluoni zilikuwa zimeshaelekezana ndani ya protoni kabla hata ya kugongana, kwa kuwa katika spidi zile protoni imejaa gluoni mpaka zinabanana na kuwa na maeneo yenye mwelekeo mmoja. Nzuri hii, haihitaji kimiminika kabisa. Dawa yake ni kubadili umbo la kinachogongana uone kama matokeo yanafuata, maana kama gluoni zilijipanga kivyake hazina sababu ya kujali umbo la nje. RHIC wakafanya hivyo: protoni kwa dhahabu, deuteroni kwa dhahabu, heliumu 3 kwa dhahabu. Deuteroni (protoni moja na nyutroni moja) ina vichwa viwili, heliumu 3 ina vitatu, ni kama mtu kakusudia kugonga muhuri wa duara, wa yai, halafu wa pembetatu. PHENIX, mojawapo ya timu za RHIC, wakatoa majibu yao kwenye Nature Physics mwaka 2019, v2 na v3 zilifuata mihuri. Watu wakadhani kesi imefungwa. Baadaye STAR, timu nyingine ya mashine ileile, wakapima v3 wakakuta kama haibadiliki kwa heliumu ikilinganishwa na protoni. Sehemu ya tofauti inaelezwa na kwamba ditekta hizi mbili zinaangalia vipande tofauti vya urefu wa bomba na kwamba protoni yenyewe ndani si laini, lakini kwa kweli hilo lilipoza furaha, na sioni kwanini tusiliseme.

Hapo ndo oksijeni inapoingia, na ndipo ninapoona watu wamesoma habari kichwa chini. Julai 2025 LHC kwa mara ya kwanza ikaingiza oksijeni, ikagonganisha oksijeni kwa oksijeni kwa TeV 5.36, kisha neoni kwa neoni, siku chache tu kwa jumla (na kabla ya hapo protoni kwa oksijeni, hiyo ni kwa ajili ya watu wa miale ya anga, maana protoni kutoka juu zinagonga hewa yetu kila siku). Oksijeni ina protoni na nyutroni 16, neoni 20. Kwa idadi ya chembe zinazotoka ni karibu ndugu, ila kwa sura wanatofautiana sana: oksijeni 16 ni ya mviringo kiasi, neoni 20 imerefuka, kichwa chembamba tumbo nene, mi naiona kama kibuyu. Wananadharia walishaandika kabla ya data kwamba kama kuna kusukumana, basi kwenye migongano ya katikati kabisa v2 ya neoni itazidi ya oksijeni, na kwa kuwa unagawa moja kwa nyingine, makosa mengi ya mahesabu yanafutana. ALICE, ATLAS na CMS wakapima. Neoni ikazidi, kwa kiasi kilekile kilichotegemewa. Kibuyu kilichotulia ndani ya kiini kimeonekana kwenye pembe za chembe zilizoruka nje baada ya kila kitu kuvunjika. Gluoni zilizojipanga zenyewe zingejuaje habari za kibuyu?

Bado lakini hiyo ni kumbukumbu ya umbo, turudi kwa mbebaji. Kwenye risasi tuna shahidi wa pili ambaye hana undugu na yule wa kwanza, jeti kuzimika. Chembe yenye nishati kubwa ikipita ndani ya kitu kizito inapoteza nishati, kama mtu anayekimbia ndani ya maji ya kiunoni. Kwenye migongano ya katikati ya risasi chembe za nishati ya GeV 6 au 7 zinapungua mara saba hivi kuliko ambavyo zingekuwa kama migongano ingekuwa ya protoni mojamoja. Kwenye protoni kwa risasi upungufu wa namna hiyo haupo, wametafuta zaidi ya miaka kumi. Mtiririko upo, kuzimika hakupo, na huu ndo mfupa uliomkwama kila mtu kooni. Sasa CMS kwenye oksijeni wamekuta upungufu wa karibu theluthi moja kwa chembe za GeV 6 hivi, na mahesabu yasiyo na kupoteza nishati hayafiki huko. Yaani oksijeni ndo kiini kidogo kuliko vyote ambacho mashahidi wote wawili wamejitokeza. Kwangu mi hii ndo habari kubwa ya 2025. Ukiigeuza kuwa "protoni inatoa supu" umeiharibu, maana umuhimu wake wote ni kwamba tumepata mahali ambapo kitu kipo, tukiwa tunajua chini yake kuna mahali ambapo shahidi mmoja amekaa kimya.

Na ukizidi kushuka mambo yanachanganya zaidi. Kwenye handaki hilihili la LHC kulikuwa na mashine ya LEP iliyogonganisha elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) kuanzia 1989 hadi 2000. Data za ALEPH, mojawapo ya timu za LEP, zilikuwa zimehifadhiwa, watu wakazifufua, mwaka 2019 wakatoa majibu: kwa nishati ya GeV 91 hakuna tuta. Safi, tukasema hapo ndo mwisho wa barabara. Halafu wakafungua zile za nishati ya juu zaidi, wakaangalia migongano michache yenye chembe nyingi, wakaona kidokezo cha kitu kinafanana na tuta. ATLAS nao waliona v2 pale mwanga unaotoka kwenye kiini kimoja cha risasi unapogonga kiini kingine, na CMS wakaona kitu cha kuinuka ndani ya jeti moja pekee, jeti zile adimu zenye chembe nyingi mno. Mtu wa kimiminika atakwambia unaona, kipo kila mahali. Mi naona kinyume, dalili ikianza kuonekana kila unapogusa, hata ndani ya jeti moja, thamani yake kama cheti cha kuzaliwa cha supu inashuka, inabidi ije na shahidi.

Kwanini nalikomalia hili wakati wengine wataona ni ubishi wa majina? Kwanza ile namba ya mnato wa supu ya risasi, inayotajwa kila mahali, inapatikana kwa kulinganisha mtiririko na hidrodinamiki. Kama kuna njia nyingine ya kupata mtiririko ambayo hatujaielewa kwenye protoni, basi kipande chake kimo hata kwenye risasi, kingoni mwa kokwa ambako chembe ni chache, na lazima tujue ni kikubwa kiasi gani. Pili, programu za kuigiza migongano ya protoni kama PYTHIA zilijengwa juu ya wazo kwamba nyuzi za nguvu zinazounganisha kwaki zinakatika kila moja kivyake, kwenye utupu. ALICE walishaonyesha mwaka 2017 kwamba chembe zenye kwaki za ajabu (strange) zinaongezeka kwenye protoni kadiri idadi ya chembe inavyopanda, taratibu bila kuruka, hadi kukaribia kiwango cha risasi, kwa hiyo nyuzi hizo haziko peke yake. Watengenezaji wameanza kuweka nyuzi zinazosukumana, na hiyo yenyewe ni kambi ya tatu, mtiririko bila supu. Programu hizohizo ndo zinatumika kupima uzito wa kwaki top (ile nzito kuliko zote), ambako namna nyuzi zinavyoungana upya ni mojawapo ya mashaka yanayohesabiwa. Kwahiyo mtu asiyejali kabisa mambo ya supu naye yumo.

Nakiri magazeti yana kazi ngumu. Mei 2025 ALICE walipoeleza kwamba risasi zikipishana kwa karibu bila kugongana zinaweza kupoteza protoni tatu na kuwa dhahabu, vichwa vya habari vilijaa dhahabu, wachache walitaja kwamba jumla yake ya miaka minne, 2015 hadi 2018, ilikuwa pikogramu 29, na kwamba viini hivyo havikai hata sekunde. Lakini kwenye dhahabu angalau kila mtu alijua akicheka anacheka nini.

Ukinibana niseme ninachoamini, naamini kuna kusukumana hata kwenye protoni zile chache zenye chembe nyingi, neoni imenisogeza huko. Kuamini huko nimekupata kwa oksijeni na neoni halafu nikakushusha hadi kwenye protoni kwa mkono wangu, hakuna mtu aliyenipimia. Kinachotakiwa sasa ni oksijeni na protoni ziwekwe kwenye grafu moja, zikiwa zimetoa idadi ileile ya chembe, uzimaji wa jeti upande mmoja na v2 upande wa pili, halafu uanze kupunguza chembe taratibu uone yupi anakufa kwanza na anafia wapi. Si rahisi, kwa sababu ukichagua protoni zenye chembe nyingi unakuwa umeshachagua zenye jeti bila kutaka, na namna ya kukwepa mtego huo bado wanabishana. Shemeji nimemwandikia hayo kwa kifupi. Kajibu "sasa niwaambie form four nini", nikamwambia aanze na zile chapati mbili.